Kamera ya Nje kwa Baridi ya Kaskazini: Umeme Kwanza, Picha Baadaye

Ukiingia dukani Minneapolis mwezi wa Agosti kutafuta kamera ya kulinda nyumba, utaona zote zinafaa. Kila boksi linasema kamera ni ya nje, haiingii maji, inaona usiku. Ukweli unajitokeza Januari. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa jiji hilo kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na kesho yake huko Cotton, kijiji cha kaskazini mwa jimbo hilohilo la Minnesota, kikafika nyuzi 49 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo huzima kamera iliyokuwa ikifanya kazi bila kasoro tangu kiangazi, na huizima kimyakimya. Mwenye nyumba anakuja kujua siku anapotafuta picha ya mtu aliyechukua mzigo mlangoni, akakuta rekodi ya mwisho ni ya juzi.

Mwongozo huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi kwenye baridi hiyo: Wakenya wa Brooklyn Park, Wakongomani wa Portland kule Maine, na wenzetu wa Winnipeg na Edmonton. Wengi wao wanafanya kazi za zamu hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Mtu aliye kazini saa nane usiku, watoto wamelala nyumbani, akifungua simu anastahili kuuona mlango wake. Hiyo si anasa. Lakini wengi wetu ujuzi wa kamera tuliuchukua Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ambako fundi anapambana na jua kali, mvua, vumbi na umeme unaokatika. Huko watu huanza na picha: ni megapikseli ngapi, inaona mita ngapi. Kwenye baridi ya kaskazini anza na umeme: kamera itaupata wapi, na utatosha vipi, usiku ule wa baridi kuliko yote. Ukikosea hapo, megapikseli zote ulizolipia hazitakufaa kitu.

Betri ikifika sifuri

Kamera nyingi zinazopendwa siku hizi ni za betri, kwa sababu hazihitaji fundi wala kutoboa ukuta. Ndani yake mna betri ya lithiamu inayochajiwa, ya jamii ileile ya betri ya simu. Betri hiyo hutoa umeme kwa kusafirisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine kupitia kimiminika. Baridi ikizidi, safari hiyo inakuwa nzito, na betri iliyoonekana imejaa jioni inaweza kukaribia kuisha alfajiri.

Huo ni upande wa kutoa umeme. Upande wa kuchaji ndio mbaya zaidi, na ndio wauzaji hawauzungumzii. Betri ya lithiamu ya kawaida haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Ikilazimishwa, lithiamu haiingii ndani ya grafiti inakotakiwa kuingia, bali inajirundika juu yake kama utando wa chuma. Uwezo wa betri unapungua na haurudi tena, na hatari ya shoti ndani ya betri inaongezeka. Kwa sababu hiyo kamera iliyotengenezwa vizuri hukataa kabisa kuchaji ikihisi baridi hiyo. Sasa mfikirie mtu aliyenunua kamera ya betri yenye paneli ya sola. Ni saa sita mchana, anga halina hata wingu, jua linawaka, na nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Paneli inazalisha umeme, betri haiupokei. Minnesota kuna majuma mazima ya Januari ambayo hata mchana joto halifiki sifuri, na muda wote huo betri inakula akiba yake tu. Kuichomekea waya wa kuchaji hakutibu ugonjwa huo, kwa kuwa inayokataa ni betri yenyewe. Waya unasaidia pale tu kamera ilipoundwa kuendeshwa na umeme wa waya moja kwa moja bila kuupitisha kwenye betri. Uliza hilo kwa maneno hayohayo kabla hujalipa.

Na sola yenyewe huku ni dhaifu. Minneapolis iko karibu na latitudo 45, kwa hiyo kuelekea tarehe 21 Desemba jua la adhuhuri linapanda nyuzi 21 na nusu tu juu ya upeo wa macho, na urefu wa mchana wote haufiki saa tisa. Edmonton mchana huo ni wa saa saba na nusu hivi. Paneli iliyolazwa juu ya paa kama tulivyozoea nyumbani itafunikwa na theluji, na hata ikifagiliwa itapata mwanga wa upandeupande. Ukiamua kutumia sola, isimamishe kwa mwinuko wa nyuzi 60 au zaidi, ielekee kusini, ili theluji iteleze yenyewe.

Kamera nyingi za betri zimeandikwa kuwa kikomo chake ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ambazo kwenye Farenhaiti ni 4 chini ya sifuri. Minneapolis usiku wa kiwango hicho hauna mwaka unaopita bila kuja. Winnipeg huo ni usiku wa kawaida wa Januari. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa wazi: kama nyumba ni yako na unaweza kupitisha waya, usitegemee betri kwenye mlango au gereji unayoijali.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta ana njia zake. Chagua kamera ambayo betri yake inatoka, si ile ambayo betri imefungiwa ndani, kisha nunua betri ya pili: moja iko nje, nyingine iko ndani imechajiwa. Betri iliyotoka nje iache mezani ipate joto la nyumba kabla ya kuichaji. Punguza kazi ya kamera kwa kufupisha rekodi na kuizuia isishtuliwe na magari ya barabarani. Hakikisha Wi-Fi inafika vizuri mahali kamera ilipo, kwa sababu kamera inayohangaika kutafuta mtandao humaliza betri upesi. Ziko pia kamera ndogo zinazotumia betri za lithiamu za ukubwa wa AA, zile zisizochajiwa. Betri hizo hutengenezwa kwa kemia nyingine, na zile nzuri zinafanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Usiweke alkalini za kawaida mahali pake. Ndani yake mna maji, na baridi inazidhoofisha haraka.

Kamera inayojipasha joto

Kamera ya waya ina faida ambayo haiandikwi kwenye boksi. Haizimiki, na kwa kuwa haizimiki, inajipasha joto. Kila wati inayoingia inaishia kuwa joto ndani ya ganda lake, na usiku taa zake za infraredi zinaongeza joto hilo wakati hasa linapohitajika. Kamera ya betri hulala hadi mtu apite, kwa hiyo inapoa mpaka inalingana na hewa ya nje. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kamera mbili za bei moja ziishi maisha tofauti kwenye ukuta mmoja.

Mfumo ninaoupendekeza kuliko yote ni ule wa waya mmoja wa mtandao unaobeba picha na umeme kwa pamoja, unaoandikwa PoE. Waya huo unaweza kufika mita 100 kutoka kwenye swichi ya mtandao. Swichi ya kiwango cha 802.3af inatoa wati 15.4 kwa kila tundu, na takriban 13 ndizo zinazoifikia kamera. Kiwango cha 802.3at kinatoa wati 30. Kamera ya kawaida inatosheka na kile cha kwanza, lakini kamera yenye hita au ile inayozunguka inaweza kudai cha pili, na mtu asipoangalia atashangaa kuona kamera inazimika kila usiku hita inapowaka. Faida nyingine ya PoE ni kwamba swichi na kirekodi cha picha vinakaa ndani, penye joto, na ukiviunganisha na UPS, yaani betri ya akiba, kamera zote zinaendelea hata umeme wa mtaa ukikatika.

Hiyo UPS ina maana kubwa kuliko unavyodhani. Karatasi ya vipimo ya kamera nzuri huwa na namba mbili za baridi: joto la kufanyia kazi na joto la kuwakia. Kamera inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri kwa sababu imekwisha jipasha, lakini ikizimwa ikapoa, isiweze kuwaka tena mpaka nyuzi zipande hadi 20 au 30 chini ya sifuri. Umeme ukikatika dakika kumi usiku wa manane, unaweza kukosa picha mpaka kesho mchana. Kampuni ya Axis ya Lund, Sweden, nchi inayoijua baridi, inauza kamera zinazoweza kuanza kwa kuwasha hita, zikasubiri ndani mpate joto la kutosha, ndipo ziwake, hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Si lazima ununue za kampuni hiyo, na bei zake si za kila mtu. Lakini tafuta sifa hiyo kwenye karatasi ya kamera yoyote, na kama joto la kuwakia halijaandikwa, mwandikie mtengenezaji umuulize.

Kisha soma vikomo vya vile vitu vingine vinavyoiwezesha kamera, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kamera imeandikwa nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini adapta iliyokuja nayo imeandikwa kuanzia sifuri, nayo iko nje imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Kadi ndogo za kumbukumbu mara nyingi zinaishia nyuzi 25 chini ya sifuri. Diski za kirekodi hazitaki kushuka chini ya sifuri kabisa, kwa hiyo kirekodi kisiwekwe kwenye gereji isiyo na joto, kipeleke besimenti. Mfumo wote una nguvu sawa na namba iliyo dhaifu kuliko zote, na namba hiyo aghalabu ni ya adapta.

Namba gani basi uifuate? Kwa Minneapolis na vitongoji vyake nisingenunua kamera ya waya isiyofika nyuzi 30 chini ya sifuri, na kwa Winnipeg, Edmonton na kaskazini mwa Minnesota ningetafuta 40. Mji wa Tower huko Minnesota ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, lakini kununua kamera kwa ajili ya usiku mmoja wa namna hiyo ni gharama isiyo na sababu kwa nyumba ya kawaida. Angalia vizuri kipimo kilichotumika, Selsiasi au Farenhaiti. Vipimo hivyo viwili hukutana kwenye 40 chini ya sifuri, lakini kwingineko vinatofautiana sana: 22 chini ya sifuri kwa Farenhaiti ni 30 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Wala usitishwe na ile namba ya televisheni inayosema baridi ya upepo itafika 45 chini ya sifuri. Hiyo ni namba ya ngozi ya binadamu. Kamera haiwezi kupoa kupita hewa iliyoizunguka, hata upepo uvume vipi. Upepo unachofanya ni kuipokonya haraka lile joto lake la ndani, na dawa yake ni kuiweka mahali palipokingwa.

Alama za IP66 na IP67 nazo zisikudanganye. Zinapima vumbi na maji: 6 ya kwanza inasema vumbi haliingii, tarakimu ya pili inasema kamera inahimili maji ya nguvu, au ikiwa ni 7, kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Hazisemi lolote kuhusu baridi. Zitafute, kwa kuwa theluji inayoyeyuka ni maji, lakini usizichukulie kuwa kinga ya Januari.

Mahali pa kuiweka

Upenu ndio mahali bora pa kamera ya nje huku, lakini si kila sehemu ya upenu. Joto la nyumba huyeyusha theluji ya paa, maji yanateremka hadi ukingoni, yanaganda tena na kuning'inia kama mikuki ya barafu, mingine mirefu kuliko mkono. Kamera iliyofungwa usawa wa ukingo itaangukiwa au itafunikwa. Irudishe ndani, karibu na ukuta. Kama paa ni la bati, fahamu kwamba theluji hushuka kwa mkupuo mmoja na kung'oa kila kilicho njiani.

Zunguka nyumba yako uone mabomba yanayotokeza ukutani. Mitambo ya kisasa ya kupasha nyumba joto hutoa moshi wake kwa bomba la plastiki linalopita ubavuni mwa nyumba, na mashine ya kukausha nguo ina tundu lake. Hewa inayotoka humo ni ya moto na imejaa mvuke. Kamera iliyo juu yake itapata ukungu, kisha barafu kwenye lenzi, kila siku ya baridi hadi Aprili. Zaidi ya hayo, kamera zinazohisi mwendo kwa joto zitakutumia arifa usiku kucha kwa ajili ya mvuke. Kaa mbali na mabomba hayo kwa mita kadhaa, na usiwe upande ambao upepo unaupeleka mvuke.

Fikiria pia theluji iliyorundikwa. Gari la kusafisha barabara na jirani mwenye mashine ya theluji watajenga kilima mahali fulani, na kilima hicho kitakua kuanzia Desemba. Kamera iliyoona njia yote ya gari mwezi wa Oktoba inaweza kuona ukuta mweupe mwezi wa Februari. Mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ardhini ni kimo kizuri kwa kamera ya ukutani, na kabla ya kutoboa muulize aliyeishi hapo kabla yako theluji hurundikwa wapi.

Kamera inayoangalia kusini itakuwa na jua machoni karibu mchana kutwa, kwa sababu jua la huku liko chini, kama nilivyotaja. Ielekeze chini kidogo, au igeuze iangalie mashariki au magharibi ukiweza. Na kama nyumba ni ya plasta iliyopigwa juu ya wavu wa chuma, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za Minneapolis, au imefunikwa mabati, pima Wi-Fi nje kwa simu yako mlango ukiwa umefungwa kabla hujafanya lolote.

Usiku mrefu, theluji, na watu waliojifunika

Mwezi wa Desemba jua la Minneapolis linatua saa kumi na nusu jioni na linachomoza karibu na saa mbili asubuhi. Kamera yako kwa hiyo inaishi gizani zaidi ya nusu ya siku, na watoto wanarudi kutoka shule jua likiwa linaaga. Tazama picha za usiku kabla ya kutazama za mchana. Kihisio kikubwa cha picha hushinda megapikseli nyingi zilizobanwa kwenye kihisio kidogo. Kwenye vipimo kihisio huandikwa kwa sehemu ya inchi, na 1/1.8 ni kikubwa kuliko 1/2.8.

Theluji ina vurugu zake. Inaakisi mwanga wa kawaida na miale ya infraredi kwa wingi, kwa hiyo usiku uwanja mweupe unang'aa kupita kiasi. Kamera inajaribu kupunguza mwanga, na mtu aliyesimama hapo anakuwa kivuli. Theluji inapoanguka, kila chembe iliyo karibu na lenzi inamulikwa na taa za kamera yenyewe, na picha inajaa mistari myeupe. Dawa nzuri ni kutenganisha taa na kamera: zima infraredi ya kamera, weka taa ya infraredi au taa ya kawaida mita chache pembeni, ili chembe zilizo mbele ya lenzi zisimulikwe. Infraredi ya nanomita 850 inafika mbali lakini ina wekundu hafifu unaoonekana, ile ya 940 haionekani kabisa ila inafika karibu. Kwa mlango wa nyumba mimi napendelea taa nyeupe ya kawaida inayowaka mtu akifika. Inatoa rangi ya koti na ya gari, na mama anayerudi zamu anaona barafu kwenye ngazi kabla hajaikanyaga.

Mchana tafuta kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, unaoandikwa WDR. Ile halisi mara nyingi huandikwa desibeli 120. Bila hiyo, theluji itang'aa na uso ulio chini ya ukumbi utakuwa mweusi, na kwa nyuso zetu hilo si jambo dogo.

Kisha kuna suala ambalo kwa joto la Mombasa halipo. Huku kila mtu mwezi wa Januari, mwema na mwizi, amevaa kofia ya koti na skafu hadi puani. Kamera iliyo juu kwenye upenu itakuonyesha kofia. Inafaa kujua kwamba mtu amekuja na amekwenda wapi, lakini haifai kumtambua. Kwa hiyo kamera ya pili iwe karibu na kimo cha uso: kengele ya mlango yenye kamera, iliyofungwa kama mita moja na robo kutoka chini. Ukiweza, ya tatu iangalie mahali gari linaposimama, kwa sababu namba ya gari haivai skafu. Kipimo walichokizoea mafundi kutoka kiwango cha IEC 62676-4 ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili uso wa mtu usiyemjua utambulike. Kamera ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana, kwa hiyo inatimiza hilo kwenye eneo la mita 15 hivi. Ile ya 1080 inaishia kwenye mita 7.7. Fanya hesabu hiyo na utaacha kununua kamera moja ya kuangalia uwanja mzima.

Kengele ya mlango yenye kamera, kama ni ya betri, inafuata sheria zote za betri nilizotaja. Ile ya waya hutumia transfoma ya kengele, na nyingi zinataka volti 16 hadi 24. Transfoma za nyumba kongwe mara nyingi ni za volti 10, nazo zitabadilishwa na fundi umeme kwa kazi ya muda mfupi.

Kuhusu umbo, nitasema kwa kifupi. Kamera yenye jicho la mviringo lisilofunikwa kuba ndiyo inayosumbua kidogo kuliko zote. Ile ya bomba ina kofia inayokinga theluji, lakini buibui wanapenda joto lake. Kamera ya kuba hukusanya barafu na mikwaruzo, na taa zake huakisiwa ndani ya kuba hilo. Iweke tu mahali palipofunikwa. Kamera inayozunguka ina mota na grisi, na grisi ya bei rahisi hukaza kwa baridi. Nyumba ya kawaida haiihitaji.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki wakiwa wamezoea Hikvision na Dahua: Novemba 2022 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliacha kuidhinisha vifaa vipya vya kampuni hizo, na Juni 2025 serikali ya Kanada iliiamuru Hikvision ifunge shughuli zake nchini humo. Kama unaendesha kituo cha kulea watoto au nyumba ya wazee inayopokea fedha za serikali, uliza masharti ya mkataba wako kabla ya kufunga kamera ya jina lolote kati ya hayo mawili.

Kufunga kabla ya Novemba

Funga kamera Septemba au Oktoba. Mkanda wa gundi ukibandikwa kwenye ukuta wa baridi haushiki sawasawa, na utaikuta kamera kwenye theluji. Mbao za plastiki zinazofunika kuta za nyumba nyingi huku hukauka na kupasuka zikitobolewa wakati wa baridi. Waya wa ndani wenye ganda la PVC unakakamaa na kufanya nyufa ukikunjwa. Nunua ulioandikwa kuwa ni wa nje, wenye ganda la polithini linalohimili jua.

Toboa ukuta kwa mteremko, tundu la nje liwe chini kuliko la ndani, na waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke badala ya kuufuata. Kisha ziba tundu kwa silikoni, na zaidi ya yote lizibe upande wa ndani. Mafundi wa nchi za joto huziba nje tu, kwa kuwa wanazuia mvua. Huku hewa ya nyumbani ina joto na unyevu, na baridi ikiingia, hewa hiyo inasukumwa kupitia tundu hadi kwenye kisanduku cha kamera, inakutana na chuma cha baridi, inakuwa maji, kisha barafu. Kamera nyingi zinazosemwa zimeingiwa na mvua, kwa kweli zimeingiwa na pumzi ya nyumba. Ukiifungua kamera kwa sababu yoyote, weka kifuko kipya cha kukausha unyevu ndani yake kabla ya kuifunga.

Kwa mpangaji, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Usiielekeze kamera kwenye dirisha la jirani wala mlango wake, na zima sauti kama kamera inasikia mazungumzo ya watu wengine. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kurekodi kwa siri mazungumzo ambayo wewe si mmoja wa wanaozungumza, na picha peke yake inakutosha.

Usiku wa kwanza wa nyuzi 20 chini ya sifuri ndio mtihani. Kabla hujalala, vaa koti lako zito kuliko yote, vuta kofia, tembea kutoka barabarani hadi mlangoni, kisha angalia kwenye simu kama kamera imekuona na imekuona ukiwa wapi. Kihisio cha joto kinaweza kuchelewa kumwona mtu aliyejifunika vizuri, kwa sababu koti linazuia joto lake lisitoke, na mwendo wa kuielekea kamera unaonekana hafifu kuliko wa kukatiza mbele yake. Ikichelewa, ongeza wepesi wake wa kuhisi au igeuze ili mtu akatize. Siku za theluji tumia uchujaji wa watu na magari, kama kamera inao, badala ya kuamini kila kinachotikisika.

Lenzi ikiganda, ifute kwa brashi laini kavu, na barafu iliyoshika ipe kitambaa chenye alkoholi ya kusafishia. Usiimwagie maji ya moto, yatapasua kioo. Ukilazimika kuishusha kamera na kuiingiza ndani, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo mpaka ipate joto la chumba, ili unyevu wa nyumba ugande juu ya mfuko na si juu ya lenzi.